Wafiwa wakiambiwa "Makiwa" wanajibu "Tunayo". Wana nini? Wajuvi wa lugha naomba tulichambue neno UKIWA

#1 KitumbuaBaridi

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki iliyopita tulikuwa Pangani kumzika bibi yetu mzaa mama. Mimi nimekulia Morogoro, Kiswahili changu ni cha darasani na cha stendi ya Msamvu, huko pwani huwa naenda kama mgeni tu. Siku ya pili ya matanga nimekaa barazani na wajomba, wakaingia kina mama watatu watu wazima waliovuka na pantoni kutoka Bweni, kanga wamejitanda mpaka machoni. Wa mbele akasema, "Makiwa!" Baraza zima likaitikia, "Tunayo." Mimi nikasema, "Asante, karibuni." Mjomba alinitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Usiku nikamuuliza mama mdogo, makiwa ndiyo nini? Akasema ni pole ya msiba. Nikamwambia mbona basi hamjibu "tumeshapoa"? Akasema nilale, kesho kuna watu wa kupikia.

Nimerudi Moro, nimefungua kamusi: makiwa inanirudisha kwenye UKIWA, na ukiwa inaelezwa kwa upweke, huzuni, hali ya kuondokewa. Sasa nauliza. Neno hili limetoka wapi? Linapishana vipi na huzuni, majonzi, simanzi? Na hao wafiwa wanaposema "tunayo", wana nini hasa?

#2 Jongoo_wa_Masika

Ukiwa na nini mkuu? Malizia sentensi tukusaidie.

#3 KitumbuaBaridi

Hahaha, nilijua wa kwanza atakuwa wewe.

#4 Chaki Nyeupe

Kijana, pole kwa msiba. Jibu ulilisikia mwenyewe pale barazani, ila lilikupita. Sikiliza hiyo "tunayo". Ni tuna + yo. Sasa jiulize, *yo* inasimama badala ya neno gani? Maji tunayo, mafuta tunayo, matatizo tunayo. Ni *yo* ya *ma-*. Makiwa tunayo. Mgeni kalitaja jambo, mfiwa kakubali kwamba jambo hilo analo, likaishia hapo.

Makiwa ni wingi wa ukiwa, kama ugonjwa na magonjwa, uovu na maovu, uasi na maasi. Aliyefikwa na ukiwa anaitwa mkiwa, wakiwa wengi ni wakiwa. (Jongoo, najua utaruka hapo, subiri nimalize.) Mkiwa ni mtu aliyeondokewa na wake: kafiwa, kaachwa, hana wa kumtazama. Kwa wazee neno hili lilibeba hata yatima na fukara asiye na jamaa, maana kwa fikra za zamani asiye na watu ndiye maskini wa kweli hata kama ghala limejaa.

Mzizi ni *-kiwa*, wa Kibantu, haukuletwa na jahazi. Kuna wanaosema neno limetokana na kitenzi *kuwa*, ati "u-ki-wa peke yako". Linavutia masikioni lakini si kweli. *Ki* ya "ukiwa shambani" ni kiambishi, unaweza kuitoa ukaweka kingine: u*na*kuwa, u*li*kuwa. *Ki* ya mkiwa haitoki, ukiitoa hubaki na kitu. Bahati mbaya matamshi ni yale yale na mkazo ni pale pale, ndiyo maana mtu akisikia neno hili kwa mara ya kwanza hubaki anasubiri lililobaki.

#5 Nne_Bila

Mwalimu heshima yako, ila hapo kwenye *yo* umeteleza. Nyumba tunayo, kazi tunayo, njaa tunayo. Hiyo *yo* si ya *ma-* peke yake, hata umoja wa ngeli ya I-ZI ni huo huo. Kwa hiyo hata "pole tunayo" ingekubali kisarufi.

#6 Chaki Nyeupe

Umenikamata. Kinachoamua ni hiyo *ma-* iliyo kichwani mwa neno, *yo* inafuata tu. Miaka thelathini ubaoni na bado nakamatwa na watu wenye majina ya matokeo ya mpira.

#7 Shali la Kilindini

Mwaniletea kumbukumbu za shule. Sisi huku Kenya tuliyakariri kwa ajili ya mtihani: Alamsiki, Binuru. Sabalkheri, Aheri. Makiwa, Tunayo. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa bara, hakuna aliyetueleza mantiki yake, tulikuwa tunaimba tu kama jedwali la kuzidisha. Nilidhani ni Kiswahili cha karatasi ya mtihani, hakipo duniani. Kisha nikaolea Mombasa. Babamkwe akafariki, nikasikia mzee mmoja mlangoni, "Makiwa!" Wallahi nilijibu kwa sauti kama niko darasa la sita, mikono nyuma.

#8 Nne_Bila

Turudi kwenye mada. Mimi naona tunakuza mambo. Huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, ukiwa: yote visawe. Lugha yoyote ina visawe. Mtu akifiwa ana huzuni, basi.

#9 Jongoo_wa_Masika

Simanzi si kisawe mkuu. Si-manzi. Ni ile hali ya kugundua kuwa manzi uliyekuwa unamtumia vocha si manzi wako.

#10 Mama Mkaa

Anayesema ni visawe bado Mungu hajamgusa, na asimguse.

Mimi nimezika mume, mtoto mmoja na dada zangu wawili, kwa hiyo niacheni niseme kwa uzoefu si kwa kamusi. Kihoro ndicho cha kwanza. Simu inalia saa tisa usiku, unasikia jina, miguu inakwisha. Mtu huweza kufa kwa kihoro. Sijasikia aliyekufa kwa simanzi. Simanzi iko usoni, mwenzio ndiye anayeiona kabla yako, "leo mbona umejaa simanzi?" Majonzi yana watu ndani yake: turubai, sufuria za kuazima, watoto wanalizana, wewe mwenyewe unalia kwa kuwa wote wanalia. Masikitiko ni ya viongozi, "tumepokea kwa masikitiko makubwa". Jitimai nimeikuta kwenye mashairi, sokoni sijawahi kuisikia. Huzuni ni mkeka wa wageni, kila mtu anakalia, hata timu ikifungwa watu wana huzuni.

Ukiwa sasa. Ukiwa hauji siku ya kuzika. Siku hiyo nyumba imejaa, huna hata pa kuweka mguu. Unakuja pale watu wamekwisha anua matanga, turubai limekunjwa, viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe, shangazi wa mwisho kapanda basi. Unafagia uwanja. Unaingia ndani unapima mchele, mkono umezoea vikombe vitatu, unapima vitatu. Huo.

Ndiyo maana naona waliosema "makiwa" kwa wingi walijua. Haufiki mmoja. Kila kona ya nyumba ina wake.

#11 Nne_Bila

Mama shikamoo. Nimefuta kauli.

#12 Mama Mkaa

Marahaba baba. Usifute, iache tu ili wengine waone nilikuwa najibu nini.

#13 Halua Nyeusi

Niko Maskati, babu yangu alizaliwa Unguja, nyumbani tunachanganya lugha mbili mpaka watoto hawajui wapi moja inaishia. Niongeze upande wa maneno yaliyotoka huku.

Huzuni ni *huzn* yetu hii ya kila siku. Ule mwaka Mtume alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, karibu na 619, unaitwa Mwaka wa Huzuni mpaka leo. Hilo halina mzozo.

Tanzia ina kituko chake. Kwa Kiarabu *taaziya* ni kumpa mtu pole, kumliwaza. Waswahili wakaichukua, *n* ikajipenyeza katikati, na maana ikahama kutoka kwenye pole ikawa habari yenyewe ya kifo. Nyinyi mkiandika TANZIA kwa herufi kubwa gazetini, Mwarabu akisoma kwa mizizi yake anaona mmeandika RAMBIRAMBI. Tena walimu wa fasihi nao wakaipeleka jukwaani, mchezo unaoishia vibaya ni tanzia.

Lakini linalonichekesha zaidi ni HAMU. Waliosoma chuoni wanaijua ile dua ya kujikinga na *hammi wal hazan*. Masheikh hutofautisha: hamm ni dhiki ya jambo linalokuja, hazan ni dhiki ya lililokwisha pita. Mswahili kazichukua zote mbili. Ya pili ikabaki huzuni. Ya kwanza, ile inayokunyima usingizi kwa kufikiria kesho, kaifanya hamu. Hamu ya nini? Ya biriani! Ukitafakari lakini si mbali. Kilichokukaa moyoni hata hutulii ni kimoja, kiwe deni au pishi la nazi. Ndugu yake *ghamm* hakubahatika hivyo, amebaki kwenye mashairi kama ghamu, akisikitika kama alivyozaliwa.

#14 Jongoo_wa_Masika

Kwa hiyo nikimtumia mtu ujumbe "nina hamu na wewe" kwa mzizi namwambia ananinyima usingizi kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Sijakosea sana.

#15 Kengele ya Pili

Mimi niwape kisa cha ukiwa na Biblia. Nilikuwa na miaka saba, shule ya Jumapili, nikapewa kusoma mwanzo kabisa wa Mwanzo. "Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu." Nikasimama. Nikasubiri. Mwalimu akasema endelea. Nikamwambia haijaisha, ukiwa nini? Darasa likacheka, nikachapwa kidogo, na mpaka nakuwa mtu mzima nilikuwa naamini wachapishaji waliruka neno.

Nimekuja kuelewa ukubwani nilipofika Maombolezo, sura ya kwanza, mstari wa kwanza: "Jinsi mji huu ukaavyo ukiwa, huo uliokuwa umejaa watu!" Hapo ndipo Mama Mkaa anaposema. Mji haulii, hauna macho. Ila ulikuwa na watu na sasa hauna. Nadhani waliotafsiri walichagua neno kwa makini. Wangeweza kusema mji uko peke yake, mji mpweke. Mpweke anaweza kuwa hakuwahi kuwa na mtu. Mkiwa alikuwa nao.

Ila ile ya Mwanzo bado inanisumbua kidogo, maana kule watu walikuwa hawajaumbwa. Nchi ilimkosa nani?

#16 Chaki Nyeupe

Swali zuri. Neno limepanuka: kutoka hali ya mtu aliyeachwa mpaka hali ya mahali pasipokaliwa. Ndiyo hiyo hiyo ya pori la ukiwa, nyumba ya ukiwa. Lina jirani yake, *mahame*, mahali watu walipohama. Mahame ni ya mahali tu. Ukiwa unakaa kwa mtu na kwa mahali vilevile, na kwangu mimi hapo ndipo lilipo na nguvu kuliko yote yaliyotajwa hapa.

#17 Mwana Amu

Kwa mahame njooni huku kwetu. Mwenye kutaka kuuona ukiwa kwa macho aende Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuimba mji ule katika utenzi wa Inkishafi baada ya kuanguka: majumba yaliyokuwa na taa na wenyeji wa hariri, kisha vidaka vya ukutani vilivyowekewa sahani za fahari sasa vimelaliwa na *wana wa nyuni*. Makinda ya ndege, kwa lugha yenu ya bara. Nimevisimamia vidaka hivyo. Mtu hutarajii ndege waweze kukuliza. Hasemi huzuni yangu ni kubwa kiasi gani, anakuonyesha kidaka na kilichomo.

#18 Ziwa Tanganyika

Niko Bujumbura, Kiswahili chetu mnakicheka najua. Kwa Kirundi na Kinyarwanda huzuni nzito ya moyoni ni *agahinda*. Muangalie huo mwanzo, *aga-*, ni ile ile *aka-* ya vitu vidogo, kama *akana*, kitoto. Yaani huzuni kubwa kuliko zote imewekwa kwenye ngeli ya vidogo. Nimeishi nalo maisha yote, nimeliona leo kwa sababu ya huyu mwalimu na ngeli zake.

#19 Njia Panda

Kuna Mkiwa ile ya Singida, ukitaka kushika barabara ya Itigi. Nimeshinda pale siku nzima gari limekata spindo. Jina linastahili.

#20 KitumbuaBaridi

Jamani mmenifungua. Nimempigia mama mdogo nikamweleza habari ya ngeli na wingi. Akasikiliza, akasema, "Sasa ulidhani tunajibu tu?"

Kisha akaniambia jambo ambalo nimekaa nalo tangu jana. Anasema pole na makiwa si kazi moja. Pole unampa hata aliyejikwaa, hata aliyetoka safari. Na pole na poa ni ukoo mmoja, ukimpa mtu pole unamtaka apoe, ndiyo maana jibu ni "nishapoa" hata kama unawaka. Makiwa haimtaki mtu afanye chochote. Hapoi, hanyamazi, hajikazi. Wewe mgeni umetaja tu kilichomo ndani ya nyumba, na yeye kakubali kuwa kimo. Anasema wazee walikuwa hawaongezi neno baada ya hapo, wanakaa chini.

Mimi pale barazani nilisema "asante", yaani nilipokea zawadi.

#21 Fundi Saa

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Niseme langu.

Mke wangu alifariki mwezi wa kumi mwaka jana. Watu walinisitiri vizuri, sina lawama. Sasa hivi nakula, nalala, kazini nafika kwa wakati. Silii. Mwenzangu mmoja ofisini anasema nina sonona nikapate dawa, shemeji anasema nioe, mchungaji anasema nimshukuru Mungu. Wote wananitakia mema. Lakini kila anayeniuliza unaumwa nini nakosa cha kumwambia, maana siumwi.

Ni hivi. Asubuhi nakunywa chai naacha kikombe mezani. Jioni nikifungua mlango nakikuta pale pale nilipokiweka. Hakuna aliyekisogeza. Basi.

Sikujua kama kina jina.

#22 Mama Mkaa

Makiwa, baba.

#23 Shali la Kilindini

Makiwa, ndugu yangu.

#24 Chaki Nyeupe

Makiwa.

#25 Zamu ya Usiku

Makiwa, kaka. Mimi ni muuguzi, niseme moja kabla watu hawajageuza uzi huu kuwa zahanati, kisha nitoke.

Kufiwa na kuwa na ukiwa si ugonjwa, wala hakuna kidonge cha kusogeza kikombe. Sonona ni kitu kingine. Zamani ilikuwa kitenzi tu, moyo unasonona, unauma kwa ndani. Siku hizi huku Tanzania tumelifanya jina la ugonjwa wenyewe, na ni ugonjwa kweli, si unyonge wa mtu. Ukiona karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, usingizi umekataa au umezidi, chakula hakipiti, hakuna tena kinachokufurahisha, kazi huiwezi, unajiona huna thamani, hapo usibishane na mwenzako wa ofisini, nenda hospitali. Na ukianza kuwaza heri ufe, usisubiri hata siku mbili, mwambie mtu usiku huo huo.

Wewe kwa ulivyoeleza naona unajijua. Ila jiangalie. Mtu anaweza kuanza na lile akaishia na hili, nimewaona.

#26 Jongoo_wa_Masika

Makiwa mkuu. Leo sina utani.

#27 Nne_Bila

Makiwa. Na mwalimu, kwa kuwa jamaa yuko peke yake, anajibu "tunayo" au "ninayo"?

#28 Chaki Nyeupe

Nimemsikia mjane anayeishi peke yake, hana hata paka, akijibu "tunayo". Sijawahi kusikia "ninayo". Kisarufi hakuna kinachoizuia.

#29 Halua Nyeusi

Makiwa kutoka Maskati. Huku tunasema *ahsana Llahu azaakum*, Mungu akufanyieni wema katika kuliwazwa kwenu. Ni mzizi ule ule wa tanzia. Lakini leo hili lenu nimelipenda zaidi.

#30 KitumbuaBaridi

Fundi Saa upo? Siku ya tatu leo.

#31 Fundi Saa

Tunayo.

Samahanini kwa kukawia, nilikuwa Ifakara kuvuna mpunga, mtandao huko mpaka upande kichuguu. Jana nimeshuka Msamvu saa mbili usiku kubadili gari, Kitumbua ningejua ningekutafuta. Nimekaa kwenye benchi, nikatoa simu, nikaandika "nimefika Moro", kama siku zote. Ndipo nikaona sina pa kuituma.

Nimekuja kuiweka hapa.

Nimefika Moro.